Je, Wajua? Mkono Mfupi wa Gia
Kufunga mkono mfupi wa gia hakugusi gia zenyewe hata kidogo. Mkono ule ni wenzo tu: ukirefushwa chini ya egemeo, au ukifupishwa juu yake, kiganja husafiri kidogo, ila gia huingia kwa nguvu zaidi.

Kwenye Mazda MX-5 ya kwanza, iliyotoka 1989, kazi hii hufanyika nyumbani bila kulala uvunguni. Toa kirungu, konsoli, mipira ya vumbi na bolti tatu. Mkono unachomoka kwa juu. Sasa chungulia shimoni. Mna bushi ndogo ya plastiki na oili yake. Bushi iliyolika ibadilishwe, oili iongezwe. Mpira wa chini uliochanika usirudishwe kamwe, maana ndio unaozuia joto na kelele za giaboksi.