Kabla ya Kufuta Ghala la Kompyuta

Mpangaji wa ghala anapohama Kikuubo, Kampala, huondoa shehena yake kwanza, ndipo arudishe ufunguo. Ghala la kompyuta lililokodiwa kwa njia ya intaneti lina utaratibu kama huo. Katika Amazon S3, ghala lenye majalada halifutiki. Sharti liwe tupu, pamoja na nakala za awali zilizofichika. Lakini hatari kubwa huja baadaye. Jina lililoachwa laweza kuchukuliwa na mgeni, na programu iliyosahauliwa ikaendelea kumpelekea nyaraka za watu. Kwa hiyo programu hizo huzimwa mapema. Tena, sheria ya kodi ya Uganda yataka kumbukumbu zitunzwe miaka 5. Na jalada lililo katika upelelezi, askari wanafahamu, haliguswi.