Zawadi au Deni? Fedha za Migodi na Wanafunzi wa Kolwezi

Kampuni ya madini ikikiletea chuo kompyuta au madawati, Kolwezi nzima inajua yatakayofuata. Utepe unakatwa, hotuba zinasomwa, wanafunzi wanapiga makofi, na picha inapigwa nembo ya kampuni ikionekana vizuri. Kesho yake mwanafunzi aliyepiga makofi anarudi kutafuta pesa za minervali, yaani ada ya masomo, kwa sababu dawati halimlipii mtu ada. Asiyemaliza kulipa hawezi kufanya mtihani, hata kama ndiye anayewafundisha wenzake hesabu jioni.

Ndiyo maana likizo ikifika baadhi ya vijana hao hushika sululu. Wanakwenda kuchimba pamoja na wachimbaji wadogo, wanauza magunia ya mawe ya kobalti kwa wanunuzi walio kandokando ya barabara, wanarudi darasani wakiwa na sehemu ya ada. Wengine hawarudi. Kuna wanaonogewa na pesa ya papo hapo, na kuna wanaofukiwa na udongo.

Wanaosoma Chuo Kikuu cha Kolwezi au vyuo vya ISTA na ISP wanaishi katikati ya utajiri wa kutisha. Mgodi wa Kamoto Copper Company uko mlangoni, Mutanda haiko mbali, Sicomines na COMMUS zipo, Kamoa-Kakula ilianza kutoa shaba mwaka 2021, na ukifuata barabara ya Likasi unakutana na Tenke Fungurume. Kongo hutoa takriban asilimia 70 ya kobalti yote ya dunia, na sehemu kubwa yake hutoka mkoa huu wa Lualaba. Wahenga walisema mtegemea cha nduguye hufa maskini. Sijui wangesema nini kuhusu Kasulo, mtaa ambao mwaka 2014 watu waligundua kobalti chini ya nyumba zao wenyewe na kuanza kuchimba hadi sebuleni.

Wazee wa Luilu, Kapata na Musonoi wanakumbuka mpango mwingine kabisa. Union Minière, iliyoanzishwa mwaka 1906, na baadaye Gécamines iliyozaliwa baada ya serikali kuitaifisha mwaka 1967, haikumpa mfanyakazi mshahara peke yake. Ilimpa nyumba, unga, hospitali na shule ya watoto. Mtoto mwenye akili alipita shule ya kampuni, akaingia shule ya ufundi, na akijaliwa akaenda kusomea uhandisi Lubumbashi huku jina la baba yake likiwa bado kwenye orodha ya mishahara. Watu waliita Gécamines baba na mama, na hawakuwa wakitia chumvi.

Baba huyo alianguka. Mwaka 1986 Gécamines bado ilitoa zaidi ya tani 470,000 za shaba. Mwezi Septemba 1990 mgodi wa Kamoto uliporomoka, mwaka mmoja baadaye miji ya nchi ikaporwa, kisha ukaja uhasama uliowafukuza maelfu ya watu wenye asili ya Kasai, wengi wao mafundi na walimu. Mishahara ikakatika kwa miezi, halafu kwa miaka. Mwaka 2003, kwa fedha za Benki ya Dunia, wafanyakazi zaidi ya 10,000 walipewa bahasha ya kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Hiari gani, mtu hajalipwa muda wote huo? Pamoja na kazi zao, iliondoka ada ya watoto wao. Kuna kizazi kizima Kolwezi kilichoacha masomo katikati wakati ule, na wengi wao waliingia kwenye mashimo ya uchimbaji mdogo.

Nasimulia haya kwa kirefu kwa sababu hatari ile ile ipo leo, imebadilisha mavazi tu. Agosti 2019 kampuni ya Glencore ilitangaza kuusimamisha mgodi wa Mutanda baada ya bei ya kobalti kushuka, na kazi zilisimama karibu miaka miwili. Februari 2025 serikali yenyewe ilizuia kobalti isisafirishwe nje ya nchi ili bei ipande, na Oktoba ikaweka mgawo kwa kila kampuni. Uamuzi huo huenda ulikuwa sahihi kwa nchi. Lakini mwanafunzi aliyeahidiwa kusomeshwa miaka mitano na meneja wa kampuni fulani masomo yake yanategemea kitu kinachopanda na kushuka katika soko la London, mahali asipojua hata mlango wake.

Sasa tuje kwenye sheria, ambayo nadhani wengi wa wanaopiga makofi hawajaisoma. Tarehe 9 Machi 2018 Rais Joseph Kabila alitia saini marekebisho ya sheria ya madini ya mwaka 2002. Marekebisho hayo yanailazimisha kila kampuni inayochimba kutenga angalau asilimia 0.3 ya mauzo yake ya mwaka kwa miradi ya maendeleo ya jamii zinazoizunguka. Fedha hizo husimamiwa na chombo maalum chenye wajumbe wa kampuni na wa jamii, ambacho wenyeji hukiita DOT. Mbali na hapo kuna ahadi ambazo kampuni huziandika pamoja na vijiji katika cahier des charges. Na kuna mrabaha: nusu huenda serikali kuu, asilimia 25 kwa mkoa, 15 kwa sekta, uchifu au manispaa yenye mgodi, na 10 kwenye mfuko wa vizazi vijavyo.

Kwa hiyo baadhi ya vinavyokabidhiwa kwa utepe na keki ni malipo ya deni. Sisemi kampuni hazina wema. Zipo zinazotoa zaidi ya sheria, na Tenke Fungurume ilikuwa na mfuko wake wa asilimia 0.3 ya mauzo kabla sheria haijailazimisha. Ninachosema ni kwamba mtu hamshukuru mdeni wake kama anavyomshukuru mfadhili. Mdeni unakaa naye mezani, mnafungua daftari.

Tatizo ni kwamba daftari lenyewe linapenda saruji. Kisima, zahanati, madarasa mawili na bati jipya vinaonekana, vinapigwa picha, vinawekwa kibao. Ada ya binti anayesomea metalujia haina pa kubandika kibao. Tena miradi huchaguliwa kwa niaba ya vijiji vilivyoguswa na mgodi, wakati mwanafunzi kutoka kijiji hicho anapanga chumba Manika au Dilala na hayupo kwenye mkutano. Sauti yake inakosekana pande zote mbili: kijijini ameondoka, mjini ni mpangaji.

Ipo mifano ya kutoa kwa namna nyingine. Mpango wa BEBUC, ulioanzishwa na mwanakemia Gerhard Bringmann wa Chuo Kikuu cha Würzburg, Ujerumani, pamoja na Profesa Virima Mudogo wa Kinshasa, huchagua wanafunzi wachache wa vyuo vya Kongo, huwapima tena na tena, na huwasindikiza hadi udaktari ili warudi kufundisha nyumbani. Kule Kalebuka, pembeni mwa Lubumbashi, shule ya wasichana ya Malaika iliyoanzishwa na Noëlla Coursaris Musunka haitozi ada. Na Mombasa, miaka ya 1940 na 1950, michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar na jamii ya Mabohora ilisaidia kujenga chuo cha ufundi cha Waislamu ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Ufundi cha Mombasa. Wengi wa wafadhili wale wamekwisha kufa, chuo kinafundisha.

Kolwezi inahitaji fedha zinazobaki mgodi ukifungwa. Kipande cha asilimia 0.3 kiwekwe akiba katika miaka ambayo bei iko juu, ili kilipe minervali katika miaka ambayo bei iko chini. Pamoja na ada iwepo nafasi ya mafunzo ya kazini, kwani mhandisi ambaye hajawahi kuvaa kofia ngumu na kuingia kiwandani anaajiriwa kwa shida hata kama diploma yake ni safi. Hili halihitaji mfadhili mpya wala sheria mpya.

Wajumbe wa DOT, wakuu wa vyuo na ninyi viongozi wa wanafunzi: cahier des charges itakapofunguliwa tena, ombeni mstari wa ada na mafunzo uandikwe humo, wenye kiasi, majina ya vyuo na idadi ya wanafunzi kwa mwaka. Kisha kila mwaka daini hesabu isomwe hadharani.