Moshi wa Usiku na King'ora cha Nyumbani

Mwezi huu tunazungumzia moshi unaowakuta watu usingizini. Mwezi Agosti 2009 moto uliwaka katika bweni la wasichana la Shule ya Sekondari Idodi, mkoani Iringa, na wanafunzi 12 wakapoteza maisha. Katika moto wa nyumba, mara nyingi moshi huua kabla ndimi za moto hazijafika. Ndani yake mna hewa ya sumu, kaboni monoksidi, ambayo humlevya aliyelala asiweze kuamka. Tusitegemee pua: mtu akilala, nayo hulala.

Pengine vitunguu vya Lumuma vimewapa bei nzuri, nanyi mmefunga king'ora cha wezi. King'ora hicho hicho chaweza kuwaamsha wakati wa moto, kikiunganishwa na vitambua moshi. Hivi ni vifaa vidogo vya duara vinavyofungwa darini, kwa sababu moshi hupanda juu. Vikiunganishwa kwa waya, moshi ulioanzia stoo utawaamsha watoto walio chumba cha mwisho.

Mwambieni fundi hivi. Waya utoke kwenye kisanduku cha king'ora, upite kitambua moshi kimoja hadi kingine bila kuchepusha matawi, na kwenye cha mwisho aweke rezista. Waya ukitafunwa na panya, kisanduku kitatoa taarifa. Tena, njia ya moshi ibaki hai saa 24. Wengi huzima king'ora asubuhi wakidhani wezi hawaji mchana. Lakini moto huja saa yoyote. Betri ya akiba ni lazima, maana umeme wetu tunaujua.

Jikoni penye kuni msikifunge. Kitapiga kelele kila mnaposonga ugali, mwishowe mtu ataking'oa. Huko hufaa kitambua joto. Na jiko la mkaa chumbani? Mkaa uliokwisha kukolea hautoi moshi, ila hutoa sumu ile ile, isiyo na rangi wala harufu, na kitambua moshi kitakaa kimya. Jiko litolewe nje kabla ya kulala, hata wakati wa baridi.

Kila mwezi bonyezeni kitufe cha kujaribia watoto wakiwapo, waijue sauti yake na mlango wa kutokea. Baada ya miaka 10 kifaa kibadilishwe. Moto ukitokea, tokeni kwanza, ndipo mpige simu Zimamoto, namba 114.