Dirisha ya M-Pesa na daftari ya mchimbaji

Siku ya kulipwa, sisi wachimbaji wa Burungu tunaketi tunangoja simu. Katibu anafungua daftari, anatuma pesa kwa mtu mmoja mmoja. Tuko 40: mara 40 anaandika namba, mara 40 anaingiza namba ya siri. Juzi alikosea tarakimu moja, pesa ya mwenzetu ikaenda kwa mtu tusiyemujua, haikurudi. Bibi yake alikuja kutuuliza watoto watakula nini.

Tangu benki za Goma zilipofunga Januari 2025, simu njo benki yetu. Na hata mbele ya hapo, kubeba franka mukononi ku barabara ya Sake–Kitshanga ilikuwa kujitafutia kifo. Njo maana hii habari ya mafundi wa kompyuta inatuhusu.

Wanaita API. Fikiria depo ya coltan yenye dirisha. Hauingii ndani, hauoni magunia. Unapitisha karatasi yenye imeandikwa vile wanataka, wanakupa jibu. API ni dirisha kama ile, kati ya programu na programu. Ikiwa wazi, fundi yeyote anasoma masharti, anatengeneza programu yake inayoongea na ile ya kampuni.

Kenya, M-Pesa ilianza 2007. Mwenye duka alikuwa anahesabu mesaje za malipo kwa macho. Mwaka 2017 Safaricom ikafungulia mafundi dirisha, ikaiita Daraja. Leo programu ya shule inaweza kujua karo imeingia bila mtu kunakili kitu, na kampuni inalipa wafanyakazi wake kwa orodha moja. Si huruma, ndugu zetu: pesa ikipita mingi, makato nayo inakuwa mingi. Wengine wanajenga, mwenye dirisha anapokea. Hatumulaumu, biashara njo vile.

Ila ufunguo unabaki kwake. Mwaka 2023 Twitter ilianza kulipisha dirisha yenye ilikuwa ya bure, programu nyingi ndogo zikakufa.

Kwetu, programu ingeshika namba za watu mara moja tu, katibu asiziandike tena kila mwezi. Ni vizuri. Lakini tuseme ukweli: pesa kupotea kwa tarakimu moja ni kidonda kidogo. Kikubwa ni kilo. Gunia lilikuwa linapimwa, linafungwa lebo yenye namba, namba inaingia ku kompyuta ya watu wengine, na mwenye kutoboa mulima haoni kitu tena. Hii coltan ya Masisi inaenda mpaka ndani ya simu za Ulaya na Marekani. Sisi hatuwezi hata kuuliza gunia letu liliandikwa kilo ngapi, likauzwa bei gani. Dirisha ya pesa, tunaona mfano wake Kenya. Ya kilo, iko wapi?

Kijana wetu mumoja anayesoma informatiki Goma ameanza kazi. Tumemupa majina na namba za simu. Akatuomba na kilo za kila mtu. Tulimutuma kwa mwenye mizani, mpaka leo hajapata jibu.