Tilapia wa Kyavinyonge: Tazama mkia kabla ya kujaza bwawa

Kwa mchuuzi anayepeleka samaki Butembo au Beni, tilapia ni tilapia. Kwa mfugaji anayetafuta mbegu ya bwawa lake, mambo si rahisi hivyo. Ziwa Edward, linalowalisha wakazi wa Kyavinyonge, lina tilapia wa aina mbili wanaofanana sana, hasa wakiwa wachanga. Mmoja hukua na kumlipa mfugaji. Mwingine huzaa mapema na kujaza bwawa samaki wadogo wasio na bei.

Kyavinyonge, katika teritware ya Lubero, ni moja ya vituo vitatu vya uvuvi vinavyoruhusiwa kisheria upande wa Kongo wa ziwa hilo, pamoja na Vitshumbi na Nyakakoma. Vyote vimo ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Virunga, iliyoanzishwa mwaka 1925. Uvuvi wa kupita kiasi na nyavu za matundu madogo vimepunguza samaki ziwani, na ndiyo maana mabwawa ya milimani yana umuhimu kwa familia zinazotafuta kitoweo na kipato. Lakini bwawa ni kama shamba: ukipanda mbegu mbaya, jembe halitakuokoa.

Aina mbili, jina moja

Wa kwanza ni Oreochromis niloticus, ambaye wengi humjua kama tilapia wa Nile. Tawi lake linalopatikana katika Ziwa Edward huitwa eduardianus. Lilielezwa kisayansi na George Boulenger mwaka 1912. Huyu ndiye anayetafutwa na wafugaji kwa sababu ya ukubwa wake.

Wa pili ni Oreochromis leucostictus, aliyeelezwa na mtaalamu wa samaki Ethelwynn Trewavas mwaka 1933. Jina lake linatokana na Kigiriki na maana yake ni mwenye madoa meupe. Hupenda maji ya kina kifupi, ghuba na vidimbwi vya kando ya ziwa. Hafikii ukubwa wa mwenzake, na akifungiwa mahali padogo huanza kuzaa akiwa bado mdogo kuliko kiganja cha mtu mzima.

Namna ya kuwatofautisha

Anza na mkia. Tanua pezi la mkia kwa vidole, ulitazame kwenye mwanga. Tilapia wa Nile ana mistari myembamba iliyosimama wima, iliyopangwa kwa utaratibu kutoka mwanzo wa pezi hadi mwisho. Leucostictus hana mistari hiyo iliyopangika. Mapezi yake huwa na madoa mepesi.

Kisha tazama dume aliye tayari kuzaa. Dume wa niloticus huingia wekundu kichwani na ubavuni. Dume wa leucostictus hugeuka mweusi wa kuelekea buluu, na juu ya weusi huo hutokeza madoa meupe. Mdomo wake pia ni mdogo.

Usitegemee rangi peke yake. Tilapia hubadilika rangi akishtuka, akisafirishwa ndani ya bidoni au akikaa kwenye maji machafu. Kwa vifaranga, ambao wafugaji wengi huita alevini, alama hizi bado hazijakomaa. Kwa hiyo ni salama zaidi kuchagua wazazi waliokomaa na kuzalisha vifaranga mwenyewe, au kununua kwa mtu anayeweza kukuonyesha wazazi.

Pale jicho linaposhindwa

Kutofautisha spishi mbili ni hatua ya kwanza. Ndani ya niloticus kwenyewe, Trewavas alitambua nususpishi saba katika kitabu chake cha mwaka 1983. Miongoni mwao ni eduardianus wa huku kwetu, vulcani wa Ziwa Turkana na baringoensis wa Ziwa Baringo nchini Kenya. Wote wana mkia wenye mistari, kwa hiyo mfugaji hawezi kuwatenganisha kwa kuwatazama tu.

Ipo pia mbegu iliyoboreshwa iitwayo GIFT, ambayo kazi yake ilianza Ufilipino mwaka 1988 kwa kuchanganya samaki kutoka Misri, Ghana, Kenya, Senegal na mashamba ya Asia. Nayo ni niloticus. Mtu akikuuzia vifaranga bila kukwambia walikotoka, mkia hautakujibu.

Kenya imeshapata funzo. Mwaka 1956, leucostictus waliingia Ziwa Naivasha bila kukusudiwa, wakiwa wamechanganyika na tilapia wa aina nyingine walioletwa kupandwa. Walizaliana na spilurus, tilapia aliyekuwa amepandwa humo tangu 1925, na baada ya miaka spilurus akatoweka ziwani.

Baringo kuna funzo jingine. Mwaka 2007, watafiti Dorothy Nyingi na Jean-François Agnèse walichapisha matokeo yanayoonyesha kwamba tilapia wa ziwa hilo, wenye sura ya niloticus, wanabeba vinasaba vya upande wa mama vilivyotoka kwa leucostictus. Kwa macho hakuna kilichoonekana. Maabara ndiyo iliyofichua.

Mfugaji afanye nini?

Kwanza, awe na daftari. Aandike wazazi walitoka wapi, lini, kwa nani, na wamewekwa bwawa gani. Kwa nususpishi, daftari hilo lina thamani kuliko jicho.

Pili, asichanganye mbegu za vyanzo viwili katika bwawa la uzazi. Samaki mwenye alama za kutatanisha apelekwe jikoni, asiachwe azae.

Tatu, asichukue vifaranga kwenye mazalia ya ziwa. Uvuvi umekatazwa humo, na kila kifaranga anayetolewa ni samaki mmoja pungufu kwa mvuvi wa kesho.

Nne, asilaumu mbegu kabla ya kupima maji. Butembo iko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ilhali ziwa liko kwenye mita 900 na kidogo. Tilapia wa Nile hukua vizuri kwenye maji ya nyuzi 27 hadi 32 za Selsiasi, na chini ya nyuzi 20 huacha kuzaa. Msongamano nao hudumaza hata mbegu bora. Samaki wadogo bwawani wanaweza kuwa leucostictus, au niloticus waliobanana kwenye maji baridi. Mkia utakuonyesha ni yupi, na jibu hilo ndilo litakaloamua kama ubadilishe mbegu au upunguze idadi.