Git status

Git status ni amri ya programu ya Git inayomwonyesha mtumiaji hali ya nakala yake ya kazi, yaani folda yenye faili anazozihariri wakati huo. Amri hii haibadilishi yaliyomo katika faili hizo. Inatoa taarifa tu.

Git yenyewe ni mfumo wa udhibiti wa matoleo. Ilianzishwa na Linus Torvalds mwaka 2005 kwa ajili ya kazi ya kuendeleza kiini cha Linux.

Makundi ya faili

Git hulinganisha vitu vitatu: toleo la mwisho lililorekodiwa katika historia, eneo la matayarisho na nakala ya kazi. Baada ya hapo git status hutaja tawi linalotumika na kupanga faili katika makundi:

* mabadiliko yaliyotayarishwa kwa amri git add, ambayo yataingia katika historia kwa amri git commit;
* mabadiliko ambayo hayajatayarishwa;
* faili mpya ambazo Git haijaanza kuzifuatilia. Zile zilizoorodheshwa katika faili ya .gitignore hazitajwi.

Anayetaka taarifa fupi huandika git status -s. Hapo herufi M humaanisha faili iliyobadilishwa, na alama ?? faili isiyofuatiliwa.

Mfano

Mwanafunzi akihariri faili hesabu.py, akatoa amri git add, kisha akaihariri tena, jina la faili hiyo litaonekana katika makundi mawili ya kwanza kwa pamoja. Hilo si kosa la programu. Akitoa amri git commit, itarekodiwa hesabu.py kama ilivyokuwa wakati wa git add. Marekebisho ya baadaye yatabaki nje.

Umuhimu

Inafaa kutumia git status kabla ya amri zinazofuta kazi. Git restore hufuta mabadiliko ambayo hayajatayarishwa, na git clean hufuta faili zisizofuatiliwa. Git haiwezi kuyarudisha, kwa sababu haikuwahi kuyahifadhi.

Mipaka

Git status haiwasiliani na seva. Ikisema tawi linalingana na lile la seva, inategemea habari zilizopokelewa mara ya mwisho. Wenzake mtumiaji wanaweza kuwa wametuma kazi mpya tangu hapo; ili kujua, hutangulia kutoa amri git fetch.