Kabla hujamtafuta trauti Gucha, mjue fwani

JULAI ikifika, Nyamira huvaa sweta. Ukungu hulala Kiabonyoru hadi asubuhi imekomaa, na anayeshuka mtoni kuteka maji hurudi vidole vimekufa ganzi. Msimu huu ndio vijana waliotazama video za Wazungu wakivua samaki kwa inzi bandia huuliza: mbona nasi tusijaribu Gucha?

Swali si la kijinga. Uvuvi huu hauhitaji boti wala nyavu. Ndoano hufungwa manyoya na uzi hadi ifanane na mdudu. Kwa kuwa ni nyepesi kama pamba, kamba yenyewe ndiyo nzito, nayo hurushwa nyuma na mbele hewani hadi "mdudu" atue majini polepole. Trauti huelekeza kichwa mkondo unakotoka, akingoja kuletewa chakula. Kanyaga ukingo kwa kishindo uone kama utamwona tena.

Lakini trauti si mwenyeji. Aliletwa kutoka Scotland mwaka wa 1905 na mlowezi Ewart Grogan, akatiwa Mto Gura kule Aberdare. Baadaye alipandikizwa mito mingine ya baridi, ukiwemo Kiptiget upande wa Kericho. Mito hiyo ilichaguliwa kwa sababu inatoka msituni. Maji yakizidi digrii 20 hivi, trauti huanza kuhangaika, na tope likifunika kokoto alikotaga, mayai hukosa hewa.

Sasa tazama Gucha. Kiabonyoru unakoanzia, ni kijito tu. Ukifika Ogembo mvua ikiwa imenyesha, rangi ni ya chai ya maziwa. Shamba linalimwa hadi ukingoni, mikaratusi imejaa, na bodaboda zinaoshwa papo hapo. Kumwaga vifaranga vya trauti humo, kusema kweli, ni kuchoma pesa.

Na mbona tuhangaikie mgeni? Mito inayoingia Ziwa Victoria, Gucha ukiwemo, ina fwani, samaki wa magamba makubwa mwenye nguvu za ajabu akishika ndoano. Jina ni la Kijaluo. Waganda humwita kisinja. Hula wadudu pia, kwa hivyo inzi bandia anaweza kumdanganya. Kule Mto Vaal, Afrika Kusini, watu hulipa waongozaji ili wavue jamaa zake, kisha wawarudishe majini wakiwa hai. Hiyo ni kazi, tena ya kijana anayeujua mto kuliko mgeni.

Hofu yangu ni kwamba tutamkuta amekwisha. Tayari tuna mfano wa ningu. Mvua zikianza, ningu walikuwa wakipanda kutoka ziwani kwenda kutaga mitoni, makundi kwa makundi. Kisha nyavu za makila zikatandazwa midomoni mwa mito, wakanaswa kabla ya kutaga. Kufikia miaka ya 1950 uvuvi huo ulikuwa umeporomoka. Leo watafiti wa KMFRI pale Kegati, Kisii, wanazalisha ningu kwenye vidimbwi, na Kajjansi nchini Uganda wamefanya hivyo kwa kisinja. Kwa hivyo mbegu inaweza kupatikana. Kinachokosekana ni mto wa kuitia.

Ukiwa na hamu kweli, msee, anza na leseni: sheria ya uvuvi ya 2016 inaidai hata kwa wanaovua kujiburudisha. Kisha tafuta sehemu yenye mawe na maji yanayokwenda kasi, mahali ambapo mianzi au miti ya kienyeji bado inatia kivuli. Simama chini ya mkondo, urushe kuelekea juu, maana fwani naye hutazama huko. Mvua ikinyesha usiku, usijisumbue kesho yake. Maji yatakuwa matope na hataona hata manyoya ya jogoo mzima. Na ukimpata jike mwenye tumbo la mayai, mrudishe.